Pamba Shavuni

Wodi ya Wanaume,
Mtwara.
Alhamisi, 22 Januari 2026

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na lile goti lako la kulia lisiwe limeanza vituko vyake vya masika. Wasalimu wote hapo nyumbani, na mbuzi pia, maana nao ni watu wa nyumba hiyo. Mimi ni mzima kiasi. Nimeandika hivyo mapema kwa sababu najua ndilo neno unalolitafuta kwa macho kabla ya mengine, na kwa sababu wiki iliyopita nisingeweza kuliandika.

Anayekukabidhi barua hii ni Sabra. Najua si desturi binti kwenda mwenyewe kwa mama wa mchumba wake, ndoa haijafungwa. Nimemwambia hivyo kwa kalamu, naye akanijibu kwamba katika mambo ya mwezi huu hilo ndilo dogo kuliko yote. Mpe maji anywe, mpe mkeka akae, halafu ingia ndani uisome peke yako kabla Mjomba Kassimu hajaiona. Sikupiga simu kwa sababu kinywa changu hakifunguki kuzidi unene wa kidole, na sauti inayotoka ni ya mbuzi aliyejinyonga na kamba yake. Ujumbe wa maandishi ningeweza, lakini simu ya nyumbani anashika Mjomba, naye husoma kila kinachoingia. Tafadhali isome yote leo. Usiiweke chini ya mto. Jumamosi ni keshokutwa.

Ninajua habari ya Jumamosi. Mjomba alikuja kunitazama juzi Jumanne, akavuta stuli karibu na kitanda, akanieleza kwa furaha ya mtu aliyeleta zawadi. Alisema mtaalamu wenu, yule mganga, anarudi Kitaya Jumamosi asubuhi, na Mama Dercio atatolewa nje, atanyolewa nywele zote mbele ya watu na kunyweshwa dawa ili uchawi umtoke. Akikataa kunyolewa atafungiwa virago vyake avuke Ruvuma arudi kwao. Akaongeza kuwa vijana wameshaanza kurusha mawe juu ya bati lake, na kwamba yeye hawezi kuwazuia vijana wenye uchungu. Mama, Mjomba alisema "kwao". Huyo mama amezaliwa ng'ambo, sawa, lakini amekaa ukuta kwa ukuta na sisi tangu sijazaliwa, na wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia kwamba siku unanizaa, mvua imekata njia na mkunga hajafika, mikono iliyokushika mgongo ilikuwa ya kwake. Nilitaka kumkatalia Mjomba. Nilitoa povu tu, naye akanipangusa na kunihurumia.

Kwa hiyo naandika. Ngoja nianze na siku ya harusi, maana wewe ulikuwa ndani na wanawake na hukuona.

Tangu tunaondoka Kitaya taya langu lilikuwa zito. Ndani ya gari wenzangu walinitania kwamba mshereheshaji wa harusi za watu leo ameishiwa mafuta kwenye harusi yake mwenyewe. Nilicheka kwa pua. Tulipofika Mtawanya nikakalishwa mkekani, mkono wangu ndani ya mkono wa Mzee Rashidi, baba yake Sabra, na sheikh akasoma yanayosomwa, kisha akaniambia nijibu kwamba nimekubali. Nikashusha taya. Halikushuka. Sheikh akadhani ni aibu, akatabasamu, akarudia. Jasho lilikuwa linanitiririka hadi kwenye kanzu, na meno yangu yamegandana. Mara ya tatu nikatoa mgumio, na ninyi huko ndani mkausikia mkadhani nimejibu, mkapiga vigelegele. Mama, nakuomba ufikirie vigelegele vile, mimi nimekaa mbele ya wanaume hamsini nikiwatazama mdomo, nao wananitazama mimi.

Mtu mmoja nyuma akasema huyu amefungwa. Alilisema mara moja tu, na likatosha. Sheikh alitaka kuleta karatasi. Alisema asiyeweza kusema anaweza kuandika, dini haina ugumu huo. Mjomba ndiye aliyekataa. Alisema sisi hatumwozi mtu aliyefungwa kinywa mpaka afunguliwe, na aliyemfunga ajulikane. Mzee Rashidi aliuliza kama pengine si jino, kwa kuwa aliona shavu langu la kushoto limejaa. Ukaitwa ukaulizwa pale mlangoni, nawe ukajibu kwa uhakika wote kwamba jino la mwanao liling'olewa mwezi wa sita, na pamba yenye damu uliiona kwa macho yako.

Baada ya jibu hilo mengine yalikwenda yenyewe. Kama si jino, basi ni mtu. Nani? Mjomba akakumbuka kwamba alfajiri ile aliniona natoka uani kwa Mama Dercio, mama huyo amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Wewe ukakumbuka kwamba mwezi ule wa sita, wiki ileile niliyokwenda kung'oa jino, yeye naye alikuwa Mtwara kupimwa macho. Na ukakumbuka kwamba nilirudi bila jino lenyewe, nikakwambia wamelitupa, nawe ulinilaumu, kwa kuwa jino la mtu haliachwi ovyo, hufukiwa na watu wake. Basi likaonekana jambo zima: aliliokota jino langu huko hospitali, akalifanyia alilolifanyia, na asubuhi ya harusi akalimalizia kwa kikombe. Mkaenda kwake mkadai kikombe. Alikitoa mwenyewe bila kusita, na Mjomba akakifunga kwenye kitambaa chekundu, kikae hivyohivyo hadi Jumamosi.

Siku tano nilizolala ndani kwetu unazijua, moshi wa dawa na chale za shingoni, na shingo yenyewe inazidi kujaa mpaka nikawa nalala nimekaa. Yaliyofuata huyajui, kwa sababu mtaalamu alikupa mwiko usiutazame uso wangu hadi mchawi anyolewe. Mzee Rashidi alipokuja Jumatano kuuliza hatima ya binti yake, alinitazama mara moja, akatoka nje bila kuaga, akarudi na gari. Hakumwomba mtu ruhusa. Njiani nilikuwa navuta pumzi kwa mlio, na yeye kila mara ananigonga goti akiniambia nivute nyingine.

Huku nilipokewa na daktari wa meno, Daktari Upendo, mwanamke mfupi asiye na maneno. Hakuuliza nina maadui wangapi. Aliuliza maumivu yalianza lini. Nilionesha vidole, akahesabu miezi kumi na moja, akaacha kuandika na kunitazama. Wakanilaza, wakanipasua chini ya taya, ukatoka usaha wa kujaza bilauri, wakaacha mpira mwembamba shingoni uendelee kuutoa. Aliniambia baadaye kwamba lile gego la mwisho kabisa, linaloota mtu akishakuwa mkubwa, langu lilikosa nafasi likalala ubavu. Fizi ililifunika nusu, chakula kikawa kinaingia chini yake na kuoza. Usaha ulipofika kwenye misuli ya taya, misuli ikakaza, ndiyo maana mdomo ulijifunga. Kisha ukaanza kushuka kooni. Alisema kama ningechelewa siku mbili zaidi angenipokea ili kuandika cheti tu. Mwezi wa pili ilikuwa kazi ya nusu saa, alisema.

Nimelipa hivi: meno mawili badala ya moja, kwa sababu la pembeni yake nalo lilishaoza kwa kukaa na jirani mbaya. Kovu litabaki toka chini ya sikio hadi karibu na kidevu. Na upande wa kushoto wa mdomo wangu wa chini umekufa ganzi, nikinywa uji unamwagika sijui, hadi Sabra, aliyekuja kuniuguza, aniashirie. Daktari amesema huenda hisia zikarudi, huenda zisirudi. Kila siku napewa vijiti vya aiskrimu, navipanga pamoja na kuvisukuma kati ya meno ili taya lifunguke. Jana viliingia vitatu. Leo vinne.

Sasa nafika mahali ambapo nimeikata barua hii mara mbili na kuanza upya.

Siku ya pili baada ya kupasuliwa, Sabra alimuuliza daktari jino lililong'olewa mwezi wa sita linawezaje kuoza tena. Daktari alifungua picha ya taya, akamwonesha, akamwambia kinywa hiki hakijawahi kung'olewa jino hata moja. Sabra aligeuka akanitazama. Alitoa kalamu kwenye mkoba wake, akang'oa karatasi kwenye daftari, akaniwekea vyote kifuani, akakaa kusubiri.

Mama, sikung'oa jino mwezi wa sita.

Nilikwenda Mtwara kama ulivyonituma. Nilikaa kwenye benchi toka saa mbili. Kila mlango ulipofunguliwa nilisikia vyuma vinagongana kwenye sinia. Saa tano muuguzi akatoka, akaita Sudi. Nikageuka kuwatazama wenzangu kama nami namtafuta huyo Sudi ni nani. Akaita mara ya pili, na ya tatu, akaita mwingine. Nikatoka. Nilitembea hadi Shangani, nikakaa kwenye ukuta unaotazama bahari, mwanamume wa miaka thelathini na mbili, ninayepanda juu ya mikorosho na mashine ya kupulizia dawa ya salfa mgongoni bila kuogopa nyoka wala nyigu, nikatetemeka kwa ajili ya koleo. Nikajiambia nitarudi kesho. Kisha nikaona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu. Nikanunua pamba dukani, nikachoma fizi kwa pini ya koti mpaka ikatoa damu, nikaishindilia pamba shavuni. Fedha za kung'olea nilikununulia kanga. Ni ile doti uliyoivaa siku ya harusi yangu.

Ulinipikia uji siku tatu. Ulinikataza kuzungumza nisije nikatonesha kidonda. Kila kijiko ulichonipa kilinipa sababu ya kukwambia, na kila kijiko nikasema kesho. Baada ya hapo ukweli ukawa mgumu kuliko koleo lenyewe. Nikajitibu kwa siri, tumbaku, chumvi, vidonge vya kununua kimoja kimoja. Mwezi wa kumi nilipaka mafuta ya ganda la korosho, wanavyofanya watu ili jino life, yakanichubua mdomo. Nilikudanganya kwamba yaliniruka nikichoma korosho, nawe ukaniamini, kwa kuwa nani hajawahi kurukiwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walisahau kusema kwamba kinaweza kumuumbua jirani kwanza.

Alfajiri ya harusi sikuwa nimelala. Nilitafuta karafuu jikoni kwako zikawa zimeisha, zote zimeingia kwenye pilau. Ndipo nikaenda kwa Mama Dercio, nikabisha hodi. Mimi ndiye niliyemwendea. Alinichemshia karafuu zake, akaniambia nisukutue, na akasema jino halina urafiki, mwanangu, mwambie mama yako muahirishe, ukatibiwe. Nikamwomba asikwambie. Akaniahidi, kwa sharti nikishaoa tu niende hospitali.

Alipoitwa siku ya pili ya ugonjwa wangu, mbele yako na Mjomba na watu wamejaa hadi uani, ahadi yake ilikwisha, naye akasema wazi kwamba Sudi anaumwa jino. Wewe ukamjibu kwamba jino halipo. Akaomba aingie nilipolala. Mlimruhusu asimame mlangoni. Nilikuwa macho, Mama. Nilikuwa na simu mkononi, neno la herufi nne, jino, lingetosha. Alinitazama akasema waambie, mwanangu. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichosahau. Nikafumba macho nikajifanya nimelala. Nilisikia kanga zake zikigeuka, na nikasikia mtu akimtemea mate barazani, nikaendelea kulala. Baadaye Mjomba aliponiuliza kama kweli alininywesha kitu, nilitikisa kichwa kukubali. Nilijiambia taya likifunguka nitasahihisha.

Hilo ndilo ninalolia nalo huku. Uoga wa koleo mtu anaweza kusamehewa. Lakini mama aliyekushika mgongo ukinizaa alisimama mlangoni akaniomba neno moja, nikamnyima ili wewe usijue kwamba nilikudanganya. Nilikuwa nalinda pamba.

Najua utakachofikiri, kwa sababu nakujua. Utasema Sudi ameandikishwa, au uchawi umempanda kichwani. Kwa hiyo nimekuletea vitu viwili. Ndani ya bahasha kuna kichupa kilichozibwa. Hilo ndilo gego langu, lenye mizizi iliyopinda kama kucha za kuku, limetoka kinywani mwangu tarehe kumi na tano ya mwezi huu na daktari ameandika tarehe kwa mkono wake. Kama aliliokota jino langu mwezi wa sita, hili ni la nani? Lifukie wewe mwenyewe, popote unapotaka, ili moyo wako utulie.

Cha pili kiko kwa Mjomba tayari. Mwambie afungue kile kitambaa chekundu. Mtaalamu amekataza kisifunguliwe, fungueni. Kigeuzeni kikombe chini. Mtakuta nukta tatu za rangi nyekundu, zile unazozichora kwenye vyombo vyetu vyote visipotee shughulini. Kikombe ni chako, Mama. Nilikichukua jikoni kwako nikaenda nacho kwake, kwa kuwa sikutaka kumsumbua vyombo saa ile. Mkamdai, akawapa, na katika watu wote wale hakuna aliyekitazama.

Barua hii si siri tena ukishaimaliza. Naomba uisome kwa sauti mbele ya Mjomba na mbele ya wale vijana, yote, na hapo pa Shangani pia, wacheke wakitaka. Kisha nenda kwa Mama Dercio. Sabra ameniambia, bila kupandisha sauti, kwamba hatajibu chochote kuhusu ndoa mpaka amwone huyo mama amekaa mkekani mbele, upande wako wa kulia, na nywele zake kichwani. Simlaumu. Pengine hata hapo atakataa, na nitakuwa nimevuna nilichopanda.

Daktari anasema taya litatosha kusema sawasawa vikishaingia vijiti saba. Siku hiyo nitakuja Kitaya, nitasimama pale barazani alipotemewa mate, niyaseme haya kwa kinywa changu, mdomo wa kushoto ukimwaga mate kama utakavyo. Lakini leo ni vinne, Mama. Usinisubiri. Mimi nimeshasema kesho za kutosha watu wa kijiji kizima.

Nisalimie Mjomba, mwambie simlaumu, alihukumu kwa ushahidi nilioutengeneza mimi. Msalimie Mzee Rashidi akipita. Salamu za Mama Dercio sizitumi kwa karatasi. Mpelekee wewe, kwa miguu, leo kabla ya magharibi, na umrudishie karafuu zake ndani ya kikombe kilekile.

Wako, mtoto uliyemlisha uji wa siku tatu bila kidonda,

Sudi